Muhuri wa Buluu na Simu Inayosema

Kwenye ofisi ya maji kila mtu alimwita Mama Muhuri. Hata meneja. Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili, na huko lilipumzika.

Alikuwa katibu wa ofisi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake kubwa ilikuwa matangazo. Maji ya mji yalikuwa ya mgao: leo mtaa huu, kesho mtaa ule. Basi kila Ijumaa asubuhi Mama Muhuri aliandika ratiba ya wiki nzima. Aliipiga chapa kwenye kompyuta, akaitoa kwenye printa, akaweka sahihi. Kisha alivuta ufunguo uliokuwa ukining'inia shingoni, akafungua droo, akatoa muhuri. Aliupulizia pumzi ya moto mara mbili, akaugandamiza. Paa!

Muhuri ulikuwa wa mviringo, wa wino wa buluu. Ukipinda hata kidogo, alichana karatasi na kuanza upya. Akiridhika, alipiga picha ile karatasi kwa simu. Picha hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye tovuti ya ofisi, ili wateja waione popote walipo.

Siku moja fundi wa tovuti alimwambia, "Mama, si uandike tu maneno moja kwa moja kwenye tovuti? Karatasi ya nini?"

"Maneno matupu?" Mama Muhuri alishtuka. "Maneno matupu anaweza kuyaandika yeyote! Tangazo bila muhuri ni umbea."

Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na shuku tu. Akinunua yai alilitikisa sikioni, akaliinua juani, akalinusa. Mgeni akibisha hodi, alihojiwa mlangoni mpaka asahau alichokuja kufanya.

Mwezi huo shuku zake zilikuwa na kazi sehemu mbili, nyumbani na ofisini. Tuanze na ya nyumbani, maana ndiyo iliyomkosesha raha.

Mume wake alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yao: makarai matatu, kamba nne za kuanikia, meza ya kupigia pasi. Mtaa mzima ulimsifu. Lakini miezi ya karibuni mambo yalienda kombo. Alichoma kola ya shati la mwalimu mkuu. Alirudisha gauni likiwa na doa la mchuzi kifuani, doa kubwa kama kiganja. Asubuhi moja alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, akasema nzuri.

"Mzee, akili yako iko wapi siku hizi?" mkewe alimuuliza.

"Ipo. Uchovu tu."

Uchovu! Uchovu gani unaomfanya mtu atabasamu na simu? Maana siku hizi Dobi alikuwa akigeukia ukutani, simu sikioni, na Mama Muhuri alisikia kwa mbali sauti ya mwanamke. Mwanamke huyo aliongea haraka haraka, mfululizo, bila kuvuta pumzi. Dobi hakumjibu neno. Alisikiliza tu. Mke akiingia, sauti inakatika.

"Nani huyo?"

"Hamna mtu, mama watoto."

Hamna mtu! Mtu anamwaga maneno hivyo, halafu hamna mtu!

Alhamisi moja akasikia sauti ya pili. Hii ilikuwa ya taratibu, ya mwanamke anayejiamini. Ilisema waziwazi: "Kesho saa kumi kama kawaida. Tusichelewe. Na nyumbani utawaambia siku ukiwa tayari."

Mama Muhuri alikaa kitako juu ya kapu la nguo chafu. Wawili! Mmoja wa haraka na mmoja wa taratibu. Machozi yalimlenga, akayafuta. Miaka ishirini na sita ya ndoa, watoto wamekua wameondoka, halafu leo haya?

Jumamosi akakunja nguo za mumewe. Ndani ya kola ya shati jeupe akaona fundo dogo la uzi. Kwenye shati la buluu, mafundo mawili. Kwenye la kijivu, matatu. Si yeye aliyeyafunga.

"Nyuzi hizi kakushonea nani?"

"Nimeshona mwenyewe," alisema Dobi.

"Wewe? Tangu lini unajua kushika sindano?"

"Nimefundishwa."

"Na nani?"

Dobi akakohoa. Akachukua karai, akatoka nalo nje, ingawa karai lenyewe halikuwa na kitu.

"Mh!" alisema Mama Muhuri peke yake. "Hapa pana namna."

Jumatatu, ofisini, ikaja barua. Ilitoka idara inayosimamia haki za watu wenye ulemavu. Ilisema hivi: mkazi mmoja wa mji amelalamika kwamba matangazo kwenye tovuti ya ofisi ya maji hayasomeki kwa mtu asiyeona. Sheria inataka huduma za umma zilizo mtandaoni ziweze kutumiwa na kila mtu, wakiwemo wenye ulemavu. Tovuti ikaguliwe na irekebishwe ndani ya siku sitini. Mtaalamu atafika Alhamisi.

Mama Muhuri aliinua barua dirishani, akaitazama mbele na nyuma.

"Meneja, huu muhuri una wino mweusi. Ofisi gani ya maana inatumia wino mweusi? Tunapigwa changa la macho."

Meneja alikuwa mtu mnene, mwenye haraka zake. Alipiga simu idarani. Alipoikata, uso ulikuwa umemshuka.

"Barua ni ya kweli. Na anayeweka matangazo ni wewe, Mama Muhuri. Hili likitushinda, bodi itauliza ni kazi ya nani. Mimi sitakuwa na la kuwajibu."

"Aliyelalamika ni nani?"

"Hawamtaji."

"Nitamjua tu," alisema Mama Muhuri. Siku mbili nzima aliwatazama wenzake kwa jicho la pembeni. Alimshuku mtunza stoo, kwa sababu walishawahi kugombana juu ya kalamu. Alimshuku fundi wa tovuti. Alimshuku hata mlinzi wa getini, kwa sababu siku hiyo alimsalimia vizuri mno.

Jumatano akaja mtu mwingine kabisa. Suti imenyooka, viatu vinang'aa, manukato yanamtangulia.

"Shikamoo mama. Nimesikia mna shida kidogo ya tovuti."

Hapo ndipo Mama Muhuri alipaswa kumuuliza amesikia wapi. Hakuuliza. Yule mgeni alikuwa ameshatoa karatasi mkobani na kuiweka mezani.

"Mimi nauza kitufe," alisema. "Kinawekwa pembeni mwa tovuti kwa dakika tano. Mtu akikibonyeza, herufi zinakua, rangi zinabadilika, kila kitu kinasomeka. Hamna haja ya kurekebisha chochote. Sheria mmeitimiza, kwisha habari. Na cheti ndicho hicho."

Mama Muhuri aliangalia cheti. Kilikuwa na muhuri wa dhahabu, umetuna, umenyooka barabara katikati. Aliupapasa kwa kidole. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, hakuwa na swali. Saa sita mchana kitufe kilikuwa kimeshawekwa, kwa majaribio ya mwezi mmoja.

Alhamisi mtaalamu akafika. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu bapa, mkononi fimbo nyeupe. Alipofika kwenye kiti aliikunja fimbo mara nne, akaitia kwenye mkoba, akatoa simu. Vidole vyake viliruka juu ya kioo kwa kasi, na uso wake wala hakuuinamisha.

Mama Muhuri alimtazama kwa makini. "Asiyeona gani huyu?" alijiuliza. "Mimi mwenye macho mawili simu inanishinda."

Akaamua kumpima. Mgeni aliletewa chai, ikawekwa mbele yake. Mama Muhuri akaisogeza polepole, kiganja kimoja upande wa kushoto. Mgeni akanyoosha mkono, akagusa meza tupu. Kisha akaupeleka mkono kushoto, akakishika kikombe.

"Chai imehama," alisema, akacheka. "Nimesikia kisahani kikikwaruza."

Ehee! Amesikia, au ameona? Mama Muhuri akamkonyeza. Hakupata jibu. Akatoa ulimi nje wote. Meneja aliyekuwa anaingia mlangoni alimwona, akafunika uso kwa faili.

"Haya," alisema mgeni. "Kazi ni nyingi. Tusichelewe."

Mama Muhuri aliinuka kitini. Tusichelewe! Sauti ya taratibu, ya mtu anayejiamini. Alikuwa ni yule yule! Yule wa Ijumaa saa kumi! Ameketi ofisini kwake, anakunywa chai yake!

Kabla hajapata la kusema, mtaalamu aligusa simu, na simu ikafunguka mdomo. Sauti ya kike, haraka haraka, bila kuvuta pumzi.

"Huyo ni nani?" Mama Muhuri aliruka. "Huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke yupi?" aliuliza mtaalamu.

"Huyo anayeongea!"

"Ah! Hiyo si mtu, mama. Ni programu ya kusoma skrini. Imo kwenye simu nyingi siku hizi, hata yako huenda unayo. Inasoma maandishi kwa sauti, ili sisi tusioona tutumie simu kama wengine."

Mama Muhuri akakaa polepole. Kumbe mmoja wa wale wawili alikuwa mashine. Alipaswa kufurahi, lakini hakufurahi. Swali lingine lilimjia, na hilo hakutaka hata kulitazama: Dobi anafanya nini na programu ya watu wasioona?

Mtaalamu alikuwa ameshafungua tovuti. Simu ikasema: "Ofisi ya Maji. Picha. Picha. Picha. Kitufe hakina jina. Picha."

"Hii ni ofisi ya maji au albamu ya harusi?" aliuliza mtaalamu.

"Hapo pana ratiba ya maji!" Mama Muhuri alijitetea. "Ina sahihi, ina muhuri!"

"Muhuri naamini upo. Lakini programu inasoma maneno yaliyoandikwa kama maneno. Ninyi mmeipa picha ya karatasi, na hamkuambatisha maelezo. Yenyewe inajua ni picha, basi. Mimi nakaa mji huu nikijua kuna ratiba, ila sijui ni siku gani nikinge maji."

"Lakini tumeweka kitufe!" alisema meneja. "Na cheti hiki hapa."

Mtaalamu alipewa cheti, akaupapasa muhuri wa dhahabu.

"Umetuna vizuri," alisema. "Mmesikia simu iliposema 'kitufe hakina jina'? Ndicho hicho. Kitufe cha kutusaidia sisi, chenyewe aliyekitengeneza hakukipa jina. Haya, nakibonyeza." Akabonyeza, akarudi kwenye ratiba.

"Picha," ilisema simu.

"Kitufe hakiwezi kujua mliandika nini kwenye karatasi. Tovuti inarekebishwa yenyewe, kwa ndani. Na cheti cha muuzaji si sheria. Mkaguzi akija ataijaribu tovuti yenu. Cheti hatakiangalia." Akampa meneja ile simu. "Fumba macho, bwana meneja. Nitafutie siku ya maji ya mtaa wako."

Meneja alifumba macho, akagusa hapa, akagusa pale. Simu ikamwambia picha, picha. Jasho likamtoka. Mwishowe akabonyeza kitu kwa nguvu, na simu ikaanza kumpigia mkuu wa idara ya ulemavu mwenyewe. Ilibidi mtaalamu ampokonye haraka.

Alipokuwa anaondoka, Mama Muhuri alimfuata hadi mlangoni.

"Nani aliyelalamika?"

"Hilo sikwambii, mama. Nitakwambia jambo moja tu. Hakutaka kumchongea mtu."

Ijumaa Mama Muhuri aliomba ruhusa. Saa tisa na nusu alisimama nyuma ya ukuta wa jirani. Dobi akatoka, amevaa shati la buluu, lile la mafundo mawili, mfuko wa nguo begani. Mkewe akamfuata kwa hatua thelathini nyuma, mtandio umefunika nusu ya uso.

Dobi alitembea akiwa karibu na ukuta. Vidole vyake viliugusa ukuta, kisha uzio, kisha ukuta tena. "Ananyata," alijiambia Mama Muhuri. "Anaogopa kuonwa." Lakini penye barabara Dobi alisimama, ingawa hapakuwa na gari hata moja. Alisimama tu, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Alivuka pale wapitanjia wengine walipovuka. Penye kona aliupapasa mlingoti wa taa, ndipo akakata kulia.

Mwenzetu akapunguza mwendo. Huyu hatembei kama mtu anayejificha.

Dobi aliingia kwenye jengo la matofali lenye madirisha mapana. Mama Muhuri alisimama kando ya dirisha moja. Ndani kulikuwa na meza, na watu wazima sita, kila mmoja na simu yake. Mbele yao alikuwa yule mtaalamu. Dobi aliketi meza ya kwanza. Kutoka ndani ya mfuko wa nguo alitoa fimbo nyeupe iliyokunjwa, akaiegemeza kwenye kiti.

"Haya, Mzee Dobi," alisema mwalimu. "Mafundo ya nyuzi yanakusaidia?"

"Yananisaidia sana. Nguo za wateja nazijua kwa vidole. Hata zangu najua ipi nyeupe ipi ya buluu."

"Na simu?"

"Inasoma vizuri. Inasoma ujumbe wa wateja, habari, saa. Nikifika kwenye ratiba ya maji, ni yale yale. Picha. Dobi bila kujua siku ya maji afue nini?"

Mwanafunzi wa nyuma akadakia. "Si umuulize mkeo? Si ndiye anayeiandika?"

Dobi akatikisa kichwa.

"Nilimuuliza mara moja. Akaniambia, 'Nimeiweka kwenye tovuti, soma kama wenzako.' Hakujua. Sikumwambia kuwa macho yananiacha. Ningeanzia wapi? Dobi asiyeona doa!" Akajaribu kucheka. "Jamani, mke wangu anaandika vizuri. Miaka yote nilikuwa nasoma kila tangazo lake, hata la mtaa usiotuhusu. Sasa nasikia picha, picha. Ile barua ya malalamiko uliyonisaidia kuandika, mwalimu, sikutaka asumbuliwe. Nilitaka tu nimsome tena."

Mama Muhuri aliushika ukingo wa dirisha. Mlalamikaji aliyemtafuta ofisi nzima alikuwa analala naye kitanda kimoja. Na muhuri wake ndio uliomfungia nje. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyafuta.

"Hodi," alisema mlangoni.

Dobi aligeuka. "Mama watoto? Umekuja kufanya nini huku?"

"Nimekuja kukufumania."

Darasa zima likaangua kicheko. Mama Muhuri akaketi karibu na mumewe, akaushika mkono wake uliochujuka kwa sabuni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanitikisa kama yai."

Alicheka na kulia kwa pamoja. "Daktari umemwona?"

"Nimemwona. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Nimepewa dawa ya kudondoshea, ilinde kilichobaki. Ningeenda mapema, kingeokolewa kikubwa zaidi."

"Na wewe mwalimu," alisema Mama Muhuri, "ulijua mimi ni mkewe?"

"Nilijua, mama. Lakini siri ya mwanafunzi wangu ni yake."

"Na ulimi wangu jana?"

"Ulimi gani?"

"Basi, usijali. Nifundishe. Naanza wapi?"

Alianza Jumatatu. Fundi wa tovuti aliketi kushoto kwake, mwalimu kulia. Kwanza waliandika ratiba kama maneno ya kawaida. Kila mtaa ukapewa kichwa chake cha habari, ili msikilizaji aruke moja kwa moja kwenye mtaa wake bila kusikiliza mji mzima. Kila kitufe kikapewa jina: "Ripoti bomba lililopasuka," "Tafuta mtaa wako." Kila kisanduku cha kujaza kikaandikwa kinataka nini.

"Ratiba imekamilika," alisema Mama Muhuri. "Siku za maji nimezipaka kijani, siku zisizo na maji nyekundu, kama kwenye karatasi zangu za siku zote. Inapendeza!"

Mlinzi wa getini alikuwa ameleta barua. Alisita mlangoni.

"Samahani, mama. Mimi kijani na nyekundu naziona sawa. Miaka sita hii nauliza watu."

Wote wakamgeukia. Miaka sita anakaa getini pa ofisi ya maji, na siku ya maji anauliza barabarani!

"Rangi ziacheni," alisema mwalimu, "ila karibu na rangi muandike neno: 'Yapo' au 'Hayapo'. Rangi isiachiwe kazi peke yake. Na fundi ameniambia maandishi ni ya kijivu juu ya nyeupe; yatieni weusi, maana wazee wanakodoa macho bure."

Kulikuwa na video ya meneja akieleza namna ya kuripoti bomba. Wakaitia maandishi kwa chini, kwa ajili ya wasiosikia. Meneja alipoyasoma aligundua kwamba amesema "kwa hiyo" mara kumi na nne, akaomba irekodiwe upya. Kisha fundi aliificha panya ya kompyuta ndani ya droo. "Mwingine mikono yake inatetemeka," alieleza. "Hawezi kushika panya, anatumia vitufe vya kibodi tu." Walipita tovuti nzima hivyo. Penye kukwama walirekebisha.

Mchuuzi wa kitufe alirudi siku moja, manukato yale yale.

"Karibu," alisema Mama Muhuri. "Fumba macho. Chukua simu hii. Nitafutie siku ya maji kwa kutumia kitufe chako kabla hatujakitoa."

Yule bwana akakumbuka ana kikao mahali. Cheti alikisahau mezani, na hakurudi kukifuata.

Jambo moja tu lilimsumbua Mama Muhuri. "Na muhuri wangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Upige kwenye karatasi ya ubao wa mlangoni, kama zamani," alisema mwalimu. "Ukitaka picha yake kwenye tovuti, iweke chini kabisa. Maneno yatangulie, na picha uiandikie maelezo mafupi."

Tangu hapo, kila Ijumaa kabla ya kuchapisha tangazo, Mama Muhuri aliwasha ile sauti ya haraka, akafumba macho, akasikiliza tovuti mwanzo hadi mwisho. Alikuwa na shuku nayo kila wiki. Mwalimu alisema hiyo ndiyo shuku nzuri: tovuti haipimwi mara moja ikaachwa, maana kila kipya kinachowekwa kinaweza kumfungia mtu nje. Chini ya ukurasa waliandika namba ya simu na maneno haya: "Kama kuna usichoweza kusoma, tuambie." Siku ya hamsini na tatu mkaguzi alikuja, akaijaribu tovuti kwa saa tatu. Barua ya kusema tovuti imepita ilikuwa na muhuri wa wino mweusi. Mama Muhuri aliitazama dirishani mara moja tu, akaitia kwenye faili.

Ijumaa iliyofuata, saa saba mchana, alirudi nyumbani kuchukua chakula. Dobi alikuwa kibandani, simu juu ya meza ya pasi, sauti ameifungulia yote. Hakugeukia ukutani. Mama Muhuri akasimama nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, kimya.

"Mtaa wa chini," ilisema simu. "Jumanne. Yapo. Saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana."

"Jumanne!" Dobi alimpigia kelele jirani ng'ambo ya uzio. "Maji Jumanne! Lete yale mablanketi!"

Simu ikaendelea, mtaa hadi mtaa, naye akasikiliza yote, hata ya mitaa isiyowahusu. Ilipofika mwisho ikasema:

"Picha."

Mama Muhuri akabana pumzi.

"Picha ya muhuri wa ofisi. Wa mviringo. Wino wa buluu. Umepigwa sawasawa, haujapinda."

Dobi alicheka mpaka akashika kamba ya nguo asianguke. "Haujapinda! Sasa nani kauliza?"

"Nimesema tu," alijibu mkewe kutoka nyuma ya shuka. "Usije ukashuku."

Dobi akapangusa mikono, akatafuta kioo cha simu kwa kidole, akairudisha sauti mwanzo.